Amri Isiyorudi: Diski, Foleni na Marufuku ya 1974

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndugu msomaji, usidhani natania. Kompyuta na televisheni ziliwekwa kapu moja, zikaambiwa zikae huko huko ziliko. Vijana wenzangu wa Temeke na Kinondoni, ambao leo hatulali bila simu mkononi, wengi hatujapata kulisikia jambo hili. Mimi nimeishia kidato cha nne, na darasani halikutajwa hata mara moja.

Nataka kulieleza kwa njia ambayo huenda ikakushangaza kidogo, yaani kupitia diski ya seva. Mtu anayetaka kuandika riwaya ana shughuli gani na diski? Subiri, utaona. Kuna swali moja ambalo mashine hizi zimehangaika nalo tangu zizaliwe, na swali hilo hilo liliikuta nchi yetu. Ukituma amri na jibu halirudi, utajuaje kama uliyemtuma amechelewa au amekufa? Na ukishaamua kwamba amekufa, utamzika nani?

Tuanze Hazina. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, iitwayo ICT 1500. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, lakini mashine yenyewe kwa asili ilikuwa ya kampuni ya RCA ya Marekani, ikabandikwa jina jingine. Mwaka 1968 ICT iliungana na wenzake ikawa ICL, na mashine za ICL za mfululizo wa 1900 ndizo zilizofuata hapa kwetu. Hadi kufikia 1974 kompyuta za nchi nzima zilihesabika kwa vidole vya mikono.

Kazi kubwa iliyokabidhiwa mashine za Hazina ilikuwa hesabu za Serikali. Ikakwama. Taarifa zilichelewa, na zilizofika hazikuaminika, mpaka wizara ikalazimika kurudia njia ya zamani. Waliosanifu mfumo wengi walikuwa wageni, na wenyeji waliofunzwa kuuendesha walikuwa wachache. Fedha za kigeni nazo zilikuwa za shida, kwani bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na ukame ukatubana mwaka huo na uliofuata. Basi mwaka 1974 likatoka agizo: kompyuta basi.

Amri ilitumwa, jibu halikurudi, ukafungwa mlango mzima. Tuliache hapo kwanza, twende kwenye diski, maana huko kisa hiki kimetokea mara nyingi sana na watu wakajifunza namna ya kukikabili.

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa kama sahani za shughuli, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako leo inaweza isienee humo. Ajabu yake ni kwamba sahani hizo zote zilihudumiwa na mkono mmoja, uliopanda na kushuka kutafuta sahani inayohitajika. Mkono mmoja, sahani 50. Hapo ndipo foleni ilipozaliwa.

Foleni ya diski si kama ile ya dirisha la tiketi, ambapo aliyetangulia huhudumiwa kwanza. Fikiria daladala imetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda mjini. Abiria wa kwanza kupanda anashuka Uhasibu, wa pili Zakhem, wa tatu Aziz Ally. Dereva hawezi kumpeleka kwanza yule wa Uhasibu halafu ageuze gari arudi Zakhem. Atawashusha kwa mpangilio wa vituo, na hakuna atakayelalamika. Mkono wa diski nao hufanya vivyo hivyo. Amri zikingoja pamoja, diski huzipanga upya ili mkono usikimbie huku na huko bure.

Na hapa nina habari tamu kwa wanaopenda historia. Mfumo wa Unix, ambao leo wenyewe au jamaa zake ndio unaoendesha seva nyingi duniani na hata simu zetu, ulianzia kwenye foleni ya namna hii. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, jamaa aitwaye Ken Thompson alikuwa na kompyuta ya PDP-7 yenye diski ya kasi. Alitaka kuandika programu ya kupanga kazi za diski ili aone itafika mwendo gani. Akaandika mpangilio wa mafaili ili apate cha kujaribia. Baadaye akagundua kwamba amebakiza wiki tatu tu kukamilisha mfumo mzima wa uendeshaji. Mkewe alikuwa anasafiri na mtoto wao mchanga kwa wiki tatu hizo hizo. Akaufunga mlango, akaandika. Ndivyo Unix ilivyoanza.

Sasa shika mwaka huu: Julai 1974. Dennis Ritchie na Ken Thompson walichapisha makala iliyoutangazia ulimwengu wa wasomi wa kompyuta mfumo huo wa Unix. Vyuo vikuu vikauomba, vijana wakausoma mstari kwa mstari, wakaurekebisha, wakapeana. Mwaka ule ule ambao sisi tulifunga mlango, wenzetu walifunguliwa shule.

Turudi kwenye diski. Programu inayozungumza na diski huitwa draiva, na kwa kweli kazi yake ni ya dereva. Inachukua amri kutoka kwenye mfumo, inaipeleka kwenye diski, inasubiri jibu. Zamani ilipeleka amri moja moja. Mwaka 1986 Marekani ilipitisha kiwango cha SCSI, cha kuunganisha diski kadhaa kwenye njia moja, na toleo lake la pili lililopitishwa mwaka 1994 likaruhusu draiva kupeleka amri nyingi kwa mpigo, kila moja na namba yake kama namba ya benki. Diski inazipanga yenyewe na kurudisha majibu kwa mpangilio wowote iutakao. Diski za bei nafuu za SATA zilikuja kupata uwezo huo miaka ya 2000, foleni ya amri 32.

Mwendo ukaongezeka, lakini na mashaka yakaongezeka. Ukituma amri moja na ikakaa kimya, unajua ni ipi. Ukituma 32, na 31 zimerudi, ile moja imeenda wapi? Huenda diski imeona amri za karibu zinazidi kumiminika, ikazihudumia hizo, na ile ya mbali ikasahaulika pembeni. Huenda diski inahangaika kusoma sehemu iliyochubuka. Huenda amri ilipotea njiani kwenye waya na haikufika kabisa. Draiva haioni ndani ya diski. Inachokiona ni kimya tu.

Ndiyo maana kila draiva ina saa. Kwenye Linux, diski za kawaida hupewa sekunde 30. Zikipita, amri huhesabiwa kuwa imepotea. Wewe utasema sekunde 30 ni chache? Hebu tupige hesabu. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia kama milisekunde 4 kungoja data izunguke mpaka ifike chini ya mkono, na 8 au 9 kwa mkono kuhama. Hiyo ni kama amri 80 kwa sekunde. Foleni ya amri 32 huisha kabla ya nusu sekunde. Katika sekunde 30 diski nzima ingehudumia amri kama 2,400. Kwa hiyo muda ule ukipita, foleni peke yake haitoshi kuwa sababu. Kuna jambo.

Na hapa ndipo penye busara ambayo nilitaka uione. Saa ikipiga, draiva haikurupuki kuzima kila kitu. Inapanda ngazi. Kwanza inajaribu kuifuta ile amri moja iliyopotea. Ikishindikana, inaianzisha upya diski hiyo moja. Ikishindikana, inaisafisha njia nzima ya mawasiliano, na hapo diski nyingine zilizo kwenye njia hiyo zinapoteza foleni zao ingawa hazina kosa. Ikishindikana tena, inakianzisha upya kidhibiti chenyewe. Mwisho kabisa, baada ya yote hayo, diski inatangazwa kuwa nje ya kazi. Kila ngazi inaumiza wengi zaidi kuliko iliyotangulia, ndiyo maana haurukwi hata mmoja bila sababu.

Watu waliandika mpangilio huo kwa sababu walichoka kuzika diski zilizo hai. Nami nimeshuhudia mazishi ya namna hiyo.

Nilifanya kazi ya utarishi kwenye ofisi moja ndogo huko Temeke, jina nalihifadhi. Kulikuwa na seva chini ya meza, kasha la zamani, Linux ndani. Kila siku ikifika saa kumi na mbili jioni seva inaganda. Watu wanasubiri, dakika zinapita, mara inarudi, mara hairudi mpaka izimwe. Bosi akaamua diski ni mbovu. Ikanunuliwa nyingine Kariakoo. Siku chache, mambo yale yale. Akaamua basi mbovu ni kijana wa kompyuta, kibarua mmoja wa Tandika, mpole, aliyejifunzia kazi vichochoroni kama wengi wetu. Ilisemwa anaingiza mambo yake humo. Bei ya diski ikakatwa kwenye posho yake, na mwisho wa mwezi akaambiwa asirudi.

Alipoondoka, seva ikaendelea kuganda saa kumi na mbili kama kawaida.

Akaitwa dada mmoja fundi kutoka Kinondoni. Huyu hakufungua kasha kwanza. Alikaa akasoma kumbukumbu za mfumo, zile zinazoandikwa kila tukio na saa yake. Nikasimama nyuma yake.

"Dada, kwani unatafuta nini humo?"

"Natafuta imekufa ngapi," akanijibu. "Amri, au diski, au njia. Mdogo wangu, watu wanaruka hapo."

Akanionyesha kwamba diski zenyewe huweka hesabu ya maradhi yao. Namba 5 ni sehemu zilizochubuka na kuhamishwa. Namba 197 ni sehemu zinazoshukiwa. Hizo zikipanda, diski inaumwa kweli. Zote mbili zilikuwa sifuri. Halafu kuna namba 199, inayohesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Hiyo ilikuwa imepanda mno. Alipofungua kasha tukaona kebo ya data imebanwa na kifuniko, imejikunja kama mkia wa mjusi. Na kwa nini saa kumi na mbili? Kwa sababu saa hiyo ndipo nakala ya kazi za siku nzima ilipokuwa ikitengenezwa. Mchana kebo ilipitisha amri chache, ikavumilia. Jioni zikimiminika kwa mpigo, ikazidiwa. Kebo mpya iliwekwa, seva ikaacha kuganda. Ile diski ya zamani iliyotupwa stoo aliijaribu kwenye mashine nyingine, ikafanya kazi vizuri tu.

Posho ya yule kijana haikurudishwa, wala hakuitwa. Nilimkuta siku moja Tandika sokoni anauza chaja. Nilimweleza habari za kebo. Akacheka kidogo, akasema, "Niliwaambia wabadili waya." Basi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma habari ya 1974 kwa jicho jingine. Nani alikufa pale Hazina? Mashine? Mashine za aina hiyo hiyo zilikuwa zikifanya kazi kwingineko duniani. Ukiangalia mnyororo mzima, usanifu ulifanywa na watu wasioijua nchi, mafunzo ya wenyeji yalikuwa haba, na kazi kubwa mno ikasukumwa kwa mara moja kwenye njia nyembamba. Hiyo ni kebo, ndugu zangu. Lakini ikarukwa ngazi ya amri, ikarukwa ngazi ya diski, tukaenda moja kwa moja ngazi ya mwisho. Kompyuta zote za kesho zikatangazwa kuwa nje ya kazi.

Sisemi haya kuwadhihaki wazee wetu. Draiva isiyo na saa ni hatari vilevile. Ingesubiri milele amri isiyorudi, na seva nzima ingeganda nyuma yake. Serikali iliyokuwa ikihesabu kila dola ya kununulia mafuta na chakula ilikuwa na haki ya kusema "tumesubiri vya kutosha". Kuweka kikomo lilikuwa jambo sahihi. Tatizo ni kikomo hicho kilimwangukia nani. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1974, mwenye kipaji cha hesabu kama alichokuwa nacho Thompson, hakuhusika na hesabu za Hazina. Yeye ni ile diski ya jirani iliyokuwa kwenye njia ileile, ikafutiwa foleni yake bila kosa.

Agizo lililegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980. Televisheni za Tanzania Bara zilingoja hadi 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanatazama ya rangi tangu miaka ya 1970. Na kompyuta ziliporudi kwa nguvu, zilikuja na funzo ambalo linanifurahisha sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa HealthNet uliwapatia madaktari barua za kompyuta, hapa kwetu Muhimbili ikiwamo. Hakukuwa na intaneti tunayoijua leo. Ujumbe uliandikwa, ukawekwa foleni kwenye diski, ukangoja. Setelaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyorushwa Januari 1990, ilipita angani mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache. Ikipita, inabeba ujumbe, inauhifadhi, inaenda kuushusha upande mwingine wa dunia. Jibu lingeweza kuja kesho yake. Draiva ya sekunde 30 ingewazika madaktari wote wa Muhimbili siku ya kwanza. Lakini waliosanifu mfumo ule walijua njia yao ni ya polepole, wakaipangia saa inayolingana nayo. Ukawafaa watu.

Mafundi wa seva nao wanalijua jambo hili. Diski nyingi za bei nafuu zikikuta sehemu iliyochubuka huweza kuhangaika nayo zaidi ya dakika moja kabla ya kukiri kushindwa, wakati diski za seva huwekwa zikiri baada ya sekunde 7 hivi. Ukiweka diski ya bei nafuu kwenye seva yenye saa ya sekunde 30, itatangazwa maiti ingali inahema. Fundi mwenye akili huipunguzia diski muda wa kuhangaika, au kama haikubali, humwongezea draiva muda, hata sekunde 180. Anachofanya ni kuzifanya saa mbili zikubaliane.

Jina la mtandao la .tz liliandikishwa mwaka 1995. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Leo kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama, hapo hapo Kinondoni. Diski nazo zimebadilika. Nyingi hazina tena mkono wala sahani, na kiwango cha NVMe kilichotoka mwaka 2011 kinaruhusu foleni zaidi ya 65,000 kwa wakati mmoja. Lakini saa ya kusubiri bado ipo. Swali halijaisha hata foleni zikiwa elfu ngapi.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu sisi tunaotaka kuandika. Hadithi zetu zimejaa mabosi, vibarua na ofisi, lakini ni mara chache tunauliza kisa kilikatikia wapi. Tunaandika "kijana akafukuzwa kazi", tunafungua sura mpya. Kebo tunaiacha chini ya meza.

Na kuna jambo la haraka zaidi. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1965, akichukuliwa Hazina kuihudumia ile ICT 1500, leo amepita 80. Baadhi yao huenda wako Magomeni, Chang'ombe au Keko, wanakaa barazani na kanzu zao, wajukuu wanawaona hawajui hata kuwasha simu. Kama una babu au bibi aliyefanya kazi Hazina miaka hiyo, nenda na daftari. Mwamkie, kaa, muulize ile mashine ilikuwa inakwama saa ngapi, na nani alilaumiwa.